Tisa Ndani ya Arobaini

Saa mbili kasoro dakika nane asubuhi, bastola ya Jovelyn Tabanao ilikohoa.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya uwanja wa shabaha, huko milimani juu ya mji wa Danao, na watu sitini waliosimama nyuma ya kamba walionekana kama wanaelea. Jovelyn alimaliza magazini ya kwanza ya risasi, akachomeka ya pili, akafyatua. Badala ya mlipuko ukatoka mlio mchovu, na bastola ikakwama. Mpaka alipoinasua, sekunde kumi na moja zilikuwa zimekwenda na maji.

Herminia Pacaldo, msimamizi wa mashine ya kupimia kasi ya risasi, aliinama akaokota ganda lililodondoka. Lilikuwa limevimba na kupasuka ubavuni. Akaligeuza kiganjani, akasoma maandishi ya kitakoni. Ilikuwa risasi ya milimita tisa, na bastola ya Jovelyn ni ya arobaini, yaani sehemu arobaini za mia za inchi, pana kidogo kuliko tisa.

"Kachanganya mwenyewe," alisema mkuu wa mashindano. "Si tunajua sote? Miezi mitatu anauliza kila mtu: nibaki na arobaini au nihamie tisa? Nyumbani kwake zimejaa zote mbili."

Ni kweli aliuliza. Tisa hutuliza mkono, na bei yake ni nafuu. Arobaini hupiga teke, lakini hata ukikosa katikati ya shabaha, pembeni inakulipa alama zaidi. Kwa hesabu hizo watu wa Danao hukosana mezani hata chakula kikapoa.

"Dada Herminia, sijachanganya," Jovelyn alisema. "Saa kumi na mbili nilipitisha kila risasi kwenye kipimo cha chuma. Tisa ingechezacheza humo ndani kama punje ya mahindi kwenye debe. Nafasi ya timu ya taifa ni moja tu. Nikipewa sifuri hapa, basi tena."

Herminia alimwamini. Alimgeukia mkuu, wakakubaliana: Herminia akithibitisha kabla ya saa sita kwamba kuna mkono wa mtu, Jovelyn atapiga upya.

Risasi ile ilikuwa ya juu kabisa kwenye magazini ya pili. Kazi ya sekunde tano: unatoa moja, unapachika nyingine. Mikanda ya kubebea magazini ilining'inia bandani saa moja na nusu, wakati wa sala na bendera, watu wote wakiwa wamefumba macho. Wote isipokuwa mmoja.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Gaspar Ybañez, mchoma nguruwe, kwa sababu ndiye pekee kundini aliyepiga tisa.

"Sanduku lako la risasi lilikuwa wapi wakati wa sala?"

"Bandani, wazi, kama mdomo wangu." Gaspar alimenya wali uliopikwa ndani ya ukili wa mnazi, akameza tonge. "Dada, siku za mwizi ni arobaini. Mimi napiga tisa! Sasa hiyo arobaini niliyoitoa kwake ningeipeleka wapi? Niichomee nyama?"

Watu walicheka. Herminia hakucheka. Aliondoka na swali hilo, likamfuata kwenye ukungu hadi kwenye kibanda chake. Ile arobaini iliyotolewa iko wapi? Hapa hakuna anayetupa risasi nzima. Afadhali mtu atupe kiatu.

Saa tatu na robo akaendelea na kazi yake ya kila shindano. Alichukua risasi nane kutoka juu ya magazini za Anselmo Cabahug, baba wa ubatizo wa Jovelyn na mwalimu wake tangu alipokuwa na miaka kumi na minne. Macho ya mzee yalikuwa yanafifia. Kila mtu alijua huu ndio mwaka wake wa mwisho, naye pia alikuwa akiitaka nafasi ile ile.

Sheria ya arobaini ni uzito wa kichwa cha risasi mara kasi yake, na jibu lisipungue laki moja na sabini elfu. Kichwa cha risasi ya Anselmo kilikuwa na uzito wa punje mia na themanini, kwa kipimo cha wapiga shabaha. Herminia alifyatua ya kwanza kupitia mashine, ikazama kwenye sanduku la mchanga: futi 951 kwa sekunde. Ya pili: 1042. Ya tatu: 949.

Alilaumu ukungu uliopita mbele ya jicho la mashine. Akakaa, tarakimu zikimwelea kichwani kama ndoto ya alfajiri ambayo mtu hataki kuiacha. 1042. Ameiona wapi? Taratibu akafungua karatasi za jana. Akaiona, na moyo ukamwuma, maana alimpenda yule mzee. Akachukua koleo dogo, akaenda kuchimba kwenye sanduku la mchanga.

Saa tano na dakika ishirini aliwaita kibandani Jovelyn, Anselmo na mkuu wa mashindano. Mezani palikuwa na mizani na vichwa vitatu vya risasi vilivyobonyea.

"Mzee Anselmo, unatengeneza risasi zako mwenyewe?"

"Mia na themanini, miaka ishirini sasa. Na yeye nilimfundisha hivyo hivyo."

"Hizi nimezifukua. Mbili ni mia na themanini. Hii ni mia na sitini na tano. Kichwa chepesi, kasi kubwa, jibu lile lile. Ilitoka kwenye magazini yako. Jana niliipima risasi kama hii, na ilikuwa ya Jovelyn."

Mkuu aliguna. Anselmo hakumtazama yeyote ila binti yake wa ubatizo.

"Niliiweka pamoja na zangu," alisema polepole. "Nilidhani hazina tofauti. Ile tisa niliitoa kwenye sanduku la Gaspar, nikijua atalaumiwa yeye au utalaumiwa wewe. Nilitaka kwenda mara moja tu, Jovelyn, kabla sijawa kipofu. Kila risasi yako nilikuwa naihesabu kuwa yangu."

Jovelyn alilia waziwazi.

"Ungeniomba, Baba! Ningekuachia!"

"Ndiyo maana sikuomba." Alifungua mkanda wake, akaulaza mezani. "Tangu lini umeacha mia na themanini?"

"Tangu Machi. Kifundo changu cha mkono kilikuwa kinauma. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Mkuu alitamka kwamba Anselmo ameondolewa mashindanoni, kisha akatoka kwenda kuandaa shabaha. Mzee aliitwaa ile risasi iliyobonyea, akaipima kwenye kidole chake.

"Mia na sitini na tano," alisema. "Inatulia mkononi?"

"Inatulia, Baba."

"Basi nenda ukapige."

Alikwenda, macho yakiwa bado mekundu. Hakukosa hata moja. Anselmo alikuwa ameshafika getini, akasimama akiwa ameipa shabaha mgongo, akiihesabu milio mpaka ya mwisho.