Sekunde Kumi za Chinatsu

Mikono ya Kyohei na Chinatsu ilikutana Jumamosi mchana, katikati ya msongamano wa maduka ya Nakano, wakigombea kishikio cha funguo cha mwisho cha anime, katuni ya Kijapani ya runinga, ile ya upelelezi wa kusafiri katika wakati. Msichana alivaa sweta ya kijani iliyomzidi, na vidole vyake vilijaa madoa ya penseli.

"Chukua tu, kaka," alisema Chinatsu. "Mimi wahusika hawa nawaona mpaka nawachoka."

Kyohei alidhani ni utani. Kabla mwezi haujaisha wakawa wanapigiana simu kila mapumziko ya mchana, naye Chinatsu akimwita "mpelelezi wangu", maana kila wiki Kyohei alikuwa na mtuhumiwa mpya wa mauaji ya kwenye katuni ile. Kazi yake mwenyewe, alisema Chinatsu, ni kuchorachora.

Ikaja sehemu ya mwisho ya katuni ile. Kyohei, kama wenzake wengi ofisini, aliitazama kwa kasi maradufu ndani ya treni ili awahi kuandika maoni yake mtandaoni. Kwa jina la bandia akaandika kwamba mwuaji kazuliwa tu, dalili hakuna, na aliyechora mwisho ule arudi shule. Watu elfu arobaini wakamuunga mkono. Alishinda kichwa juu siku nzima.

Chinatsu akapiga simu, sauti imemkauka.

"Umemsoma yule mjinga? Dalili ipo, mpenzi. Pale mwishoni yule mama anafuta meza, kimya, na mshale wa saa ukutani unarudi nyuma. Sekunde kumi. Nimezichora miezi mitatu."

Masikio ya Kyohei yaliwaka kwa aibu. Akasingizia kuitwa na bosi, akakata. Siku nne hakupokea simu zake. Siku ya tano ukaja ujumbe: kama umenichoka, sema tu.

Hapo Kyohei akaandika tena, safari hii kwa jina lake halisi, kwamba alitukana kazi ambayo hakuitazama. Wale wale waliomshangilia wakamgeuka, wakamcheka. Jumapili asubuhi akaenda kuinama kuomba radhi mlangoni kwa Chinatsu.

"Yule mjinga ni mimi."

"Nimeshasoma." Macho yake yalikuwa yamevimba. "Maneno yako yaliniuma. Zile siku nne ziliniuma zaidi. Vua viatu, uingie."

Chinatsu akawasha runinga, akaweka ile sehemu ya mwisho. Yule mama akaanza kufuta meza, na mshale wa saa ukutani ukaanza kurudi nyuma. Kyohei alitamani sakafu immeze.

"Chinatsu, nisamehe..."

"Nyamaza, bado sekunde nne," alisema, akamshika mkono.