Kengele ya Mwonja Chakula

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shangazi yangu Askale, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa mfua nguo wa jumba la taifa hapa Addis Ababa. Alimfulia mfalme, akawafulia wanajeshi waliompindua mfalme, akaja kuwafulia kwa siku chache na wapiganaji waliowapindua wanajeshi. "Mashuka ni yale yale," alipenda kututania. "Wanaolala ndio hawadumu."

Asubuhi wanajeshi walipoingia, yeye alikuwa anapiga pasi vitambaa vya meza. Mfalme alichukuliwa. Watumishi wakasukumwa uani, na vyumba vyote vya juu vikafungwa na kupigwa lakiri nyekundu. Hakuna aliyepita kuangalia nani kabaki ndani.

Jikoni palikuwa na ubao wa kengele, kila chumba na kengele yake. Kesho yake saa sita mchana, moja ikalia. Ilikuwa ya chumba cha Ato Desta, yaani Bwana Desta, mzee aliyeonja kila chakula kabla mfalme hajala. Wote walidhani ameshakimbilia kwao.

"Gashe Tesema," shangazi alimnong'oneza mpishi mkuu, "ni Desta yule."

"Nyamaza, mwanangu. Ni panya kwenye waya."

"Panya gani anajua saa ya chakula?"

Kapteni Wubshet, aliyekabidhiwa jumba, alikuwa amesimama mlangoni. "Atakayegusa lakiri yangu nitampiga risasi," alisema. "Anayetaka kwenda juu anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Shangazi alitazama viatu vyake.

Kengele ililia siku tano, kila wakati wa chakula. Siku ya tano ililia kidogo tu, kama mtu aliyeivuta kwa kidole kimoja. Siku ya sita ilinyamaza. Watu jikoni walikula bila kutazamana.

Mwezi ulipita ndipo Kapteni akafungua. Lakiri ilikuwa nzima, dirisha lina nondo. Ndani hamkuwa na mtu. Hamkuwa na maiti. Hamkuwa hata na harufu.

"Mlinitisha bure, washenzi nyie," akacheka.

Saa sita mchana siku ile ile, kengele ikalia. Kapteni alikata waya kwa mkono wake, akaung'oa wote ukutani. Kesho yake kengele ikalia tena.

Ililia miaka kumi na saba.

Kisha wanajeshi nao wakakimbia, wakaingia wapiganaji wa porini, kandambili miguuni. Aliyepewa funguo alikuwa binti mmoja, Letay. Siku ya tatu alimjia shangazi.

"Mama, hii kengele haina waya. Inaliaje?"

Shangazi aliangua kilio. Akamweleza yote, jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata padri wake. Letay alimsikiliza, kisha akamkabidhi ufunguo. "Basi nenda ukamwombe msamaha. Mimi nitakaa kwenye ngazi."

Shangazi alipakua injera, ule mkate wetu mpana, na shiro ya moto, mchuzi wa unga wa dengu, akapanda juu. Ilikuwa adhuhuri, jua kali. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti na vumbi. Alipiga magoti, akaweka sinia chini.

"Ato Desta, tulikusikia. Sote tulikusikia. Niliogopa. Nisamehe."



Mlango ukajifunga nyuma yake. Taratibu, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu.

Kisha akasikia kutafuna. Polepole. Karibu na sikio lake.

"Hakina sumu, Askale," sauti ilisema. Ilikuwa kavu. Haikuwa na pumzi.

Vidole vya baridi vikamgusa midomo. Vilikuwa vimeshika tonge. Na kwetu sisi, mtu akikulisha tonge kwa mkono wake, hulikatai.

"Kula."

Alifungua mdomo.

Letay aliposikia kimya kimezidi, aliuvunja mlango kwa kitako cha bunduki. Alimkuta shangazi amekaa sakafuni peke yake, macho yametoka, anatafuna. Sinia lilikuwa mbele yake. Injera nzima, haijachanwa.

"Mama," Letay alinong'ona, "unakula nini?"

Shangazi alimeza. Hakujibu siku ile, na hata alipokuja kutusimulia mengine yote, hilo hakulijibu.

Kengele haikulia tena. Shangazi aliacha kazi, akaja kuishi kwetu. Tulimpeleka mlimani Entoto kwenye maji ya baraka, akaogeshwa siku saba. Haikusaidia. Asali, pilipili, shubiri, kwenye ulimi wake vyote vilikuwa kitu kimoja. Usiku alilala vizuri, lakini kila adhuhuri alikaa kimya ameelekea ukutani, akitafuna mdomo mtupu. Mama yangu akimgusa bega, aliruka kama aliyeunguzwa.

Alifariki mwaka jana. Siku ya arobaini tulifunga turubai uani, tukapanga masinia kumi na mawili ya karamu, tukayafunika. Sote tulitoka getini kumpokea padri. Turubai lilibaki tupu kwa dakika chache tu.

Padri aliombea chakula, tukafunua. Kila sinia lilikuwa limechanwa tonge moja ukingoni. Yote kumi na mawili, upande ule ule.

"Nani ameanza kula?" padri aliuliza.

Watu walitazamana. Mama ndiye aliyeinama karibu, akaturudisha nyuma kwa mkono. Kwenye shiro palikuwa na alama za vidole, bado mbichi. Zilikuwa za mikono miwili.

Mmoja mkubwa. Mmoja wa mwanamke.