Mashine ya Mama Ilienda Kamukuzi

Nina miaka ishirini na saba na sijaolewa. Msinionee huruma kwa hilo! Kama mna huruma, mpeni mama yangu, ambaye vidole vyake vimepinda kwa kufinyanga makaa.

Sisi ni Wakongo wa Kivu Kusini, tunaishi Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Kuni huku ni shida, kwa hiyo mama huchoma maganda ya ndizi, huyasaga, huyachanganya na uji wa muhogo, kisha huyafinyanga kwa mikono na kuyaanika juani. Makaa hayo ndiyo yaliyonifikisha chuo kikuu Mbarara.

Huko tulisoma ujasiriamali endelevu. Mhadhiri wetu alitaka kila kikundi kilete biashara isiyoharibu ardhi, na chuo kingeinunulia itakayoshinda kifaa inachohitaji. Moyo wangu uliruka! Nilimpigia mama simu nikamwambia mashine ya kukandamiza makaa inakuja, mikono yake itapumzika.

Kikundi chetu kilikuwa mimi na Joram, mtoto wa mwanajeshi, kijana aliyekulia kambi ya jeshi. Alikuwa amekwisha kuniahidi ndoa… na mimi mjinga nilikwisha kuchagua kitenge cha harusi.

Nilimpeleka nyumbani. Mama akamchinjia kuku, akamwonyesha kila kitu, hata uji huwa mzito kiasi gani. Jirani alipomuuliza mbona anatoa siri zote, mama alicheka.

"Huyu ni mukwe. Nitamuficha nini?"

Siku ya kuwasilisha kazi, mama alikuja Mbarara, kitenge kimepigwa pasi. Kwetu siku ya mahari msemaji ndiye husimama, binti hunyamaza. Mama aliiona siku ile hivyo hivyo, akaninong'oneza nimwachie mukwe aseme kwa niaba ya familia. Joram naye akanipapasa bega, akaniita nyabo, yaani bibie, kama kawaida yake.

"Wewe kaa tu, nyabo. Mimi naongea."

Nikakaa.

Akasema kwa Kiingereza kwamba alikwenda kambini, akakuta wanawake wanamaliza miti, akabuni makaa ya maganda, akawafundisha! Akawafundisha! Ukutani kulikuwa na picha ya mikono ya mama yangu. Nilisubiri amtaje… hakumtaja. Mama, asiyejua neno la Kiingereza, aliiona mikono yake kubwa ukutani akapiga makofi kuliko watu wote.

Kwa nini sikusimama? Mnadhani sijiulizi? Ningewezaje kuuzima uso ule mbele ya watu?

"Banasema nini juu yangu?" aliniuliza.

"Wanasema asante, mama."

Joram alishinda. Mashine ikapelekwa Kamukuzi, mtaa wa hapo hapo Mbarara, uani kwa mjomba wake. Nilimfuata nikilia, nikimdai mashine ya mama, akanijibu bila hata kuniangalia.

"Nyabo, hiyo ilikuwa ya somo. Mapenzi usichanganye na biashara."

Nikaenda kwa mhadhiri. Aliniuliza mbona nilikuwepo na sikusema kitu. Muhula mzima alitufundisha tusiichoshe ardhi inayotulisha. Kuhusu mtu anayetulisha, hatukufika.

Mama hajui. Amefagia fasi ya mashine kando ya nyumba na kuitandikia turubai, na kila nikipiga simu anauliza kama mukwe amepata gari la kuileta. Namwambia njia ni mbaya, mvua ni nyingi… Hata wakati wa kiangazi!

Dada zangu mnaosoma, nawasihi, kazi ya mama yako isemee wewe mwenyewe, kwa Kiingereza kibovu, kwa machozi, vyovyote! Uchumba si sababu ya kukabidhi mdomo wako. Wakikucheka watanyamaza. Mimi nilinyamaza siku moja, na sasa kila siku nadanganya.

Jumamosi nakwenda Nakivale kumwambia ukweli. Nilipomwarifu kwamba nakuja, alifurahi sana. Amesema nije na mukwe, kuku yupo.