Kikohozi Ndani ya Kaseti

Jioni ile nilikuwa nimebakiza shughuli moja tu: kuchukua redio kaseti kwa fundi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Joto lilikuwa kali hata lami ilinasa viatu, na mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, nilikuwa mbioni tangu asubuhi. Nilipeleka viatu kwa mshona viatu. Nilinunua sabuni. Nilinunua kitambaa cha sare ya shule, sare ya mtoto wa marehemu dada yangu, huku nikijua huenda asiivae.

Baba yake alikuwa anakuja kumchukua saa moja.

Nimemlea mtoto huyo tangu ana miaka miwili, tangu dada alipokufa kwa kifua. Sasa ana saba. Muda wote huo shemeji, mwenye duka la dawa, hakumletea hata kalamu. Kisha akaoa tena, mke mpya akajifungua, na ghafla akakumbuka kwamba ana binti. "Ameshakua," aliniambia. "Anaweza kushika ufagio." Sikuwa na karatasi yoyote ya kumzuia. Nilichotaka ni saa zetu za mwisho ziwe nzuri: tukae chini, tusikilize kipindi cha watoto nilichorekodi miaka ile. Mimi na dada tulikisikiliza hivyo udogoni, masikio yamebanwa kwenye redio, tukisukumana.

"Mwalimu, redio yako ilikuwa imemeza mende watatu," fundi alisema, "na bado ilikuwa na njaa."

"Kaseti yangu je? Ilikuwa imekwama."

"Nimeitoa nzima." Hakunipa. Aliigeuza mkononi. "Umerekodi nini humu?"

"Nyimbo za watoto."

"Basi watoto wako wana kifua kibovu. Nilipoijaribu, kuna mtu anakohoa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha mgongo wa kaseti, pale penye vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, mkanda haurekodiki tena. Vya kaseti ile vilikuwa vimevunjwa, na matundu yake yalizibwa kwa plasta ya kidonda, ile ile tunayoweka shuleni kwa ajili ya magoti ya watoto.

"Nani aliziba?"

"Mimi. Sikuwa na kaseti nyingine."

"Sisi sote tumefanya hivyo," alisema polepole. "Ila aliyevunja, mwalimu... aliyevunja hakutaka ifutwe."

Njiani nilikumbuka. Wiki moja baada ya mazishi, shemeji aliniletea boksi la vitu vya dada. Kaseti ilikuwa juu kabisa. "Hii haina kitu," alisema. "Karekodie wanafunzi wako." Nilimshukuru. Jioni hiyo hiyo niliziba matundu na kurekodi.

Mtoto alikuwa amekwisha kufunga mfuko wake wa nguo. Alikuwa na kikohozi chepesi cha vumbi, cha siku mbili. Tuliketi sakafuni, dirisha wazi, jua likizama. Nikabonyeza kitufe.

Nyimbo zilianza. Mtoto aliimba nazo, akikosea maneno palepale dada alipokuwa akikosea.

Kisha wimbo wa kwanza ukaisha.

Katika ule ukimya kabla ya wimbo wa pili... mtu alikohoa.

Kikohozi kirefu. Kilichochimba.

Wimbo wa pili ukaingia. Sikuusikia. Nilikuwa nikingoja uishe. Ulipoisha, nilisikia kijiko kikigonga shingo ya chupa. Ti... ti... Na chumbani kwangu, ambamo hamkuwa na dawa yoyote, pakanuka shira. Harufu tamu, nzito, ya kukaba koo.

"Mama mdogo," mtoto alinong'ona, "nani huyo?"

Wimbo wa tatu. Ukimya.

"Kitinda..."

Mtu mmoja tu duniani aliniita hivyo, kwa kuwa nilikuwa wa mwisho tumboni mwa mama yetu.

"Kitinda, umenifunika."

Nilifungua mlango wa kaseti, nikaitoa. Plasta ilikuwa imegandamana kwa miaka mitano. Niliibandua kwa kucha, tundu la kwanza, tundu la pili. Nilipoirudisha na kubonyeza, hapakuwa na wimbo hata mmoja.

Palikuwa na dada.

"Kitinda, ukiipata hii, usikilize hadi mwisho. Anachoninywesha si dawa. Ni maji ya sukari na rangi. Dawa niliyoandikiwa ameiuza. Nimemwomba anipeleke hospitali... amefunga mlango. Anasema nitapona. Anakaa kitini ananitazama. Mwanangu, Kitinda. Usimwache mwanangu mkononi mwake."

Hapo mkanda ulipaswa kuishia. Lakini sauti iliendelea, na sasa haikuwa na pumzi katikati ya maneno.

"Yuko mlangoni."

Mlango ukagongwa.

"Hodi, shemeji," alisema akiingia, jasho likimtiririka. "Ninyi walimu mnakula raha. Kukicha tu, likizo." Akamtazama mtoto. "Nasikia anakohoa. Nimemletea kitu."

Akatoa chupa mfukoni. Na kijiko.

Niliitazama chupa ile. Nimezoea kusema polepole na mtu ambaye hajaelewa.

"Onja kwanza wewe, shemeji."

"Mimi siumwi."

"Onja."

Hilo la pili sikulisema mimi.

Lilitoka redioni. Alilitambua. Niliona rangi ikimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka.

"Zima hiyo," alinong'ona. "Shemeji... hiyo si ulirekodi juu yake?"

Kwa hiyo alijua. Alishindwa kuifuta kwa mkono wake, akatumia wangu.

Ningeweza kuzima. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sikuzima.

Mkono wake ulimimina kijiko. Macho yake yalikuwa yakikataa, lakini mkono ulipanda. Akanywa. Kijiko kikagonga shingo ya chupa. Ti... ti... Akanywa tena. Dada alikuwa akihesabu taratibu, vile anavyohesabiwa mtoto anayejifunza. Moja. Mbili. Tatu. Nilimgeuza mtoto uso, nikaufunika kifuani mwangu.

Ilipofika saba, chupa ilikuwa tupu.

Naye akaanza kukohoa.

Nilikijua kikohozi hicho. Nilikisikia wiki za mwisho za dada, hadi leo naweza kukuonyesha mahali kilipokatika. Kilimtoa chumbani, kikampeleka barazani, kikamshusha barabarani ameshika kuta za watu. Hakumuulizia mtoto. Aliacha hata kiatu kimoja.

Chupa niliipeleka kupimwa. Maji, sukari, rangi. Hakuna katika hivyo kinachoweza kumkohoza mtu.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Duka la dawa limefungwa. Madaktari wamempiga picha za kifua, wanasema mapafu yake ni safi kama ya mtoto. Ameacha kula. Wiki iliyopita alimtuma mke wake mpya, mwanamke mpole asiye na kosa, akiwa na kichanga mgongoni. Aliketi pale pale tulipoketi sisi.

"Anaomba urekodi kitu juu ya ile kaseti," alisema. "Chochote, dada yangu. Hata nyimbo za watoto."

Nilimpa maji ya kunywa. Nikamwambia sina plasta.

Ninalo boksi zima, la shule. Sikuona haya kumdanganya, na usiku huo nililala vizuri.

Sare imeshonwa, imemkaa vyema. Mtoto anaenda shule, ananawiri, kikohozi chake kiliisha siku ile ile. Kila jioni, mimi nikiwa jikoni, yeye huandika kazi zake karibu na redio. Redio imechomolewa umeme. Kaseti nimeifungia kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Jana nilimsikia akisitisha kalamu.

"Abee, mama," aliitika.

Nilikuwa sijamwita. Nami huniita mama mdogo, hajawahi kuniita vinginevyo.

Nilisimama nyuma ya mlango, mwiko mkononi. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limebanwa kwenye redio, anasikiliza kwa makini kama ninavyomfundisha. Kisha akajibu, kwa adabu, kwa sauti ndogo.

"Bado, mama. Baba bado anapumua."