Macho ya Jaël kwenye Kuta Nne

— Yaya Firmin, Jaël iko anaangalia nani?

Viviane alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa parokia, mikono kiunoni. Firmin, kaka yake, alikuwa juu ya kiti akibandika mchoro wa mwisho.

— Anaangalia bantu. Muchezaji anaangaliaka bantu, non?

Michoro kumi na miwili ya pasteli, rangi za chaki, yote ya ballet, kundi la ngoma la parokia lililokuwa lipande jukwaani saa tisa mchana huo. Kila siku ya mazoezi Firmin alikaa upande mwingine, na kila mchoro ameubandika kwenye ukuta aliokuwa akiuelekea siku ile, ili watu waone kama yeye alivyoona. Wazo hilo alijivunia, maskini! Tena alfajiri Jaël, mchumba wake na mmoja wa wachezaji, alimwandikia: "Chéri, usibandike yote. Nakuomba." Akacheka, akadhani ni haya za mwanamke.

Na asubuhi, kwenye misa, padri alisoma tangazo la ndoa yao mara ya tatu, ya mwisho. Anayejua kizuizi aseme. Kanisa zima kimya. Jumamosi ni harusi.

— Shuka, kuya usimame hapa — Viviane alisema, na sasa hakuwa akitania.

Firmin akashuka. Ukuta wa mbele, Jaël amegeuza uso kulia. Ukuta wa madirisha, kushoto. Akazunguka, akazunguka tena. Kutoka kila ukuta macho yalikwenda kona moja tu, penye ngoma kubwa na kiti cha Rolly, mpiga ngoma, rafiki yake tangu shule, shahidi wake wa Jumamosi.

Miezi mitatu amechora macho yale, asijiulize hata siku moja yanaangalia nini.

Simu ikalia. Ujumbe wa Rolly: "Patron, niko mu njia. Uniwekee kiti yangu muzuri."

Jaël akaingia, amevaa sketi ya nyuzi ya kuchezea. Alipoona kuta, akasimama.

— Nilikuomba usibandike.

— Ni Rolly?

Jaël akatazama kile kiti cha ngoma.

— Sema, Jaël! Leo asubuhi padri alisoma, weye ulikuwa pembeni yangu. Juu ya nini ulinyamaza?

— Niliogopa. Bamama balisha kushona bikwembe bya harusi. Famille yote...

— Na miye?

— Weye iko muntu muzuri, Firmin.

— Sikukuuliza hiyo! Depuis lini?

Jaël akanyoosha kidole kwenye mchoro wa pili.

— Tangu ile.

Machozi yakamtoka, lakini hakusema kwamba amekosea, wala hakusema kwamba atamwacha Rolly. Firmin alingoja aseme. Alingoja mpaka akaona aibu kungoja.

Mchoro wa kwanza, karibu na mlango, ndio pekee ambamo Jaël alimtazama mchoraji mwenyewe, anacheka. Ndio pekee pia usionyunyiziwa laki, ile dawa ya kupuliza nywele, ili kushika rangi isifutike, maana siku ile hakuwa nayo. Chupa aliletewa baadaye, na Jaël mwenyewe. Ile mingine kumi na mmoja imeshikwa vizuri, haifutiki.

Firmin akaubandua ule wa kwanza, akauficha ndani ya koti, akatoka. Mlangoni, kati ya watu waliokuwa wakiingia, alipishana na Rolly.

— Eh, patron! Unaenda wapi? Tunaanza!

Firmin akapita. Nyuma yake ngoma ikaanza kulia. Alitembea haraka, karatasi ameikumbatia kifuani, roho inamuuma kama jino. Viviane akamfikia barabarani, anahema.

— Yaya, tumwambie padri?

— Tumwambie nini? Bote bako banaona michoro sasa.

Akafungua koti, atazame uso ule japo mara moja. Karatasi ilikuwa ukungu mtupu. Mdomo, macho, kicheko, vyote vimehamia kwenye shati jeupe alilopiga pasi kwa ajili ya siku hii.

Viviane akatoa leso, akaanza kumpangusa.

— Wacha — Firmin alisema. — Wacha tu.