Kaburi la Ng'ambo ya Korongo

Jua lilikuwa linatua nilipovuka korongo pale Mashewa, simu mkononi, kwenda kuhakiki kaburi moja. Kazi ndogo tu, nilijiambia.

Mchana, kwenye mkutano wa barabara mpya, Bi Mashavu alisimama akasema kaburi la mumewe, mzee Isihaka, limo shambani mwake, pale pale greda litakapopita kesho. Mimi, mchora ramani wa mradi, nililiona kaburi hilo kwenye picha ya droni, nikageuza nafasi yake ya pichani kuwa ya ardhini, nikalipachika kwenye ramani. Likaangukia ng'ambo ya korongo.

"Kompyuta haisahau, bibi," nilimwambia. "Labda wewe ndiye uliyesahau."

Watu walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Njiani ndipo moyo uliponisuta. Picha huhesabu mistari yake kutoka juu kwenda chini. Ramani huhesabu kutoka kusini kwenda kaskazini. Je, nilipogeuza hesabu niliweka ile alama ya kutoa inayopindua mwelekeo?

Sikuweka.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Kaskazini nilikuwa nimeifanya kusini. Bibi alisema kweli, na huku ng'ambo hapakuwa na kaburi lolote.

Kisha nikanusa karafuu maiti...

Mbele yangu palikuwa na tuta la udongo mbichi. Kando yake ameketi mzee, amenipa mgongo, shuka lake jeupe limejaa matope.

"Shikamoo, mzee."

Hakugeuka.

"Huku ndiko ulikonileta," alinong'ona. "Mwambie Mashavu asinitafute kule."

Nilikimbia. Nilipofika nilikopanga nikaisahihisha ramani, nikapiga simu greda lisimamishwe.

Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi Bi Mashavu. Nilimkuta shambani, amesimama kando ya shimo palipokuwa kaburi. Udongo ulikuwa umesukumwa nje... kutoka ndani.

Nikatimka hadi ng'ambo. Tuta halipo. Majani yamesimama wima, hayajakanyagwa na mtu.

Nikarudi kwake, macho chini.

"Nimeshasahihisha, bibi. Kwenye ramani sasa yuko hapa."

Alilitazama shimo. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

"Leo Ijumaa," alisema taratibu. "Kila Ijumaa huja kumsomea Yasini. Sasa nikasimame wapi, mwanangu?"