Hodi ya Mchana

Siku hiyo Gatwiri alikuwa anaanika pojo mbele ya jikoni ya mama mkwe wake, jua ya Ishiara ikimuuma shingo, wakati lori ilikata kona ikivuta kitu nyeupe kama yai. Watu wa soko walikuwa wameifuata kwa miguu mpaka kwa boma. Ilikuwa nyumba ya magurudumu, karavani, ile watalii hulala ndani wakitembea. Bwana yake Rwamba aliinunua Nanyuki, kwa kambi moja iliyofungwa. Ndani kulikuwa na kitanda, sinki, na kwa dari mashine ya baridi.

Rwamba ni mtoto wa dada yangu Ciarunji, na ugomvi wa hiyo boma naujua wote. Baba yake Rwamba aligawa shamba kabla ya kufa. Hezekiah, ndugu yake mkubwa, akapewa ya chini karibu na mto. Rwamba akapewa ya juu kwenye migaa, ile miti ya miiba, na neno moja juu yake: lima, chunga mbuzi, lakini usijenge hapo. Mzee hakusema sababu. Rwamba akaona ameonewa, na tangu hapo hao ndugu wawili hawakukula sahani moja. Akabaki kwa nyumba ya mamake, yeye na bibi yake Gatwiri, Hezekiah akimwita mtoto wa kunyonya.

Sasa Gatwiri alikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Yeye ni wa Githongo, kwenye kahawa na ukungu, na daktari alimwambia hii ya tatu akitaka kuibeba mpaka mwisho, akae mahali pa baridi na alale mchana. Hiyo ndiyo ilifanya Rwamba aende Nanyuki, na hiyo karavani akaipandisha mpaka juu kwenye migaa.

"Mzee alisema nisijenge," Rwamba akasema, akipiga ubavu wa karavani kofi kama wa ng'ombe. "Mimi sijajenga. Nimeegesha."

Hezekiah alicheka akashika kiuno. "Ndugu yangu amenunua friji ya kulala. Gatwiri, chunga usigande huko."

Ciarunji hakucheka. Alisimama akiangalia ngazi ndogo, halafu juu yake.

"Hiyo kitu iko na mlango," akasema.

"Sasa mami, nyumba gani haina mlango?"

Ciarunji aligeuka. Alirudi kwa pojo zake, na hakuwahi kukanyaga ile ngazi.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Rwamba alivuta waya ya stima mpaka huko juu, mashine ikanguruma, na Gatwiri akalala mchana vile alikuwa hajalala tangu aolewe. Mtoto akawa anacheza tumboni. Wakati mwingine, akiwa amelala hivyo, mtu angebisha mlango.

"Hodi."

"Ingia," Gatwiri angesema bila kuinuka, na ile tumbo. Vile sisi wote tumefundishwa. Huwezi kuacha mtu amesimama kwa jua.

Mlango haukufunguka. Angengoja kidogo, aone ni kelele ya mashine imemdanganya, alale tena. Kesho yake, hodi. Ingia. Sauti haikuwa ile ya jana. Hakuweka maanani. Watu wa huko hupita juu wakienda kwa kuni.

Halafu mashine ikaanza kuganda.

Ilikuwa inanguruma, lakini hewa haitoki. Rwamba akafungua kifuniko akakuta barafu imefunga kila kitu huko ndani, nyeupe, nene kama mafuta ya kondoo. Akazima. Ikayeyuka, maji ikajaza beseni. Akawasha. Kabla ya jua kuzama ilikuwa imeganda tena.

Akaita Abdishakur, fundi wa Meru mjini, yule hutengeneza lori za kubeba nyama. Alikuja na sanduku yake akafungua ile kitu yote. Akatoa chujio ya hewa akaiosha, akasema mara nyingi ni uchafu tu. Ikaganda. Akaangalia feni. Inazunguka vizuri. Akapima gesi. Iko sawa. Akapapasa mpira wa mlango na wa madirisha, akitafuta mahali hewa ya nje inaingilia. Hakupata.

Akaketi kwa ngazi akiangalia beseni.

"Mama, unapika humu ndani?"

"Napika kwa mami."

"Unaanika nguo mbichi?"

"Hapana."

"Mnalala wangapi?"

"Wawili."

Abdishakur akajikuna ndevu. "Barafu ni maji, mama. Na maji mashine inanyonya kwa hewa. Sasa hewa ya Ishiara ni kavu, hata mbuzi zinakohoa. Hii maji imetoka wapi?" Akatingisha beseni. "Kuna lori nilifungua Isiolo, barafu yake ilikuwa hivi hivi. Tukafungua nyuma. Ilikuwa imejaa watu wamefichwa. Ilikuwa ni pumzi yao."

"Labda ni kukoroma kwa huyu," Gatwiri akasema, na Rwamba akacheka.

Abdishakur hakucheka. Alivunja kipande cha barafu akakishika mpaka kikaanza kuyeyuka, akakinusa, halafu akampa Gatwiri anuse.

Ilinuka ugoro. Hiyo ni tumbaku ya wazee wa zamani, na hapo hakuna mtu anaivuta.

"Nitaleta kile kidude cha kupima baridi, tujaribu kingine," fundi akasema akifunga sanduku. "Lakini mama, mimi ningeacha mlango wazi. Na nisilale humo."

Aliondoka hata chai hakungoja.

Gatwiri akateremka kwa Ciarunji akamkuta anapepeta. Akachuchumaa karibu naye. Hakujua kwa nini anaongea pole pole.

"Mami, nani huwa ananibishia hodi mchana?"

Ungo ukasimama.

"Unajibu?"

"Najibu, ingia."

"Mara ngapi?"

"Sijui, mami. Ni kila siku."

Ciarunji akaweka ungo chini. Akamwambia ile kitu wanawake walioolewa kwa boma hiyo huambiwa wakiwa wazee. Zamani mtu hakuachwa kukufa ndani ya nyumba, kwa sababu nyumba itakuwa na mkosi. Mgonjwa akizidiwa anatolewa, anapelekwa juu kwenye migaa, anawashiwa moto, anaachwa. Wakati wa njaa walipeleka nyanya wa baba mkwe wake Gatwiri, yule mzee aligawa shamba. Lakini huyo hakukufa. Alipata nguvu kidogo, akatambaa mpaka nyumbani, akabisha. Alikuwa anabisha akiita watoto wake kwa majina. Walikuwa ndani wote. Walishika watoto wadogo midomo wasiitike, mpaka akanyamaza.

"Na hayuko peke yake huko juu," Ciarunji akanong'ona. "Wamejaa. Hakuna mtu alikuwa amewaambia waingie, mwari. Ni wewe."

Gatwiri alipanda kilima na tumbo yake, jua katikati ya kichwa. Mlango wa karavani ulikuwa umefungwa. Mashine inanguruma.

"Rwamba. Toka."

"Niache nilale," akajibu kutoka ndani. "Hezekiah ako hapo chini anaangalia. Unataka aseme tumeshindwa?"

"Toka, tafadhali. Nitakuambia huku nje."

Ikasikika mashine tu.

Halafu akaongea tena, kwa sauti ndogo.

"Gatwiri. Uko nje?"

"Niko nje."

"Nani huyu amelala nyuma yangu?"

Gatwiri akashika mlango. Chuma ilikuwa baridi, ikamng'ata mkono. Akavuta. Haukufunguka. Ndani Rwamba akaanza kubisha. Alibisha kama mgeni. Akamwita jina. Akaita mamake. Gatwiri akapiga nduru, na Hezekiah akapanda mbio na shoka.

Kubisha kukaenda pole pole.

Halafu sauti ikakatika katikati ya jina. Vile inakatika mtu akishikwa mdomo.

Hezekiah alivunja ule mlango akilia. Pembe zake zote zilikuwa zimeshikwa na barafu. Rwamba alikuwa kwa kitanda. Alikuwa amelala ubavu, amebanwa kwa ukuta kabisa, magoti yamekunjwa, kope zimekuwa nyeupe. Kitanda kile ni kikubwa. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa wazi. Ni kama mtu ameambiwa asonge, akasonga, akaambiwa asonge tena.

Hospitali walisema ni moyo. Hezekiah hakucheka tena. Aling'oa mlango akauchoma, na karavani iko huko juu mpaka leo, tundu la mlango limeangalia boma. Mbuzi hazipiti hapo.

Gatwiri alirudi kwao Githongo, na mimba ikakaa. Akazaa msichana, akamwita Ciarunji, jina la mama ya bwana, vile inatakiwa. Mtoto wa kunyonya vizuri, mwenye sauti. Gatwiri alimwambia mama yake mzazi, Kinya, kitu moja tu: mtu akibisha, usijibu. Nenda kwanza umuone kwa macho. Kinya akakubali. Ni mtu mzima, na ni mtu wa watu.

Mwezi wa kuchuma kahawa, Gatwiri alimlaza mtoto katikati ya kitanda, akamzungushia mito, akaenda mistari ya karibu na nyumba. Mchana ulikuwa wazi. Debe ilikuwa haijafika nusu aliposikia.

"Hodi."

Akainua kichwa. Mlango wa mbele alikuwa anauona vizuri. Hakukuwa na mtu.

Na kutoka jikoni, kwa moshi, sauti ya mamake, akiwa ameinamia sufuria:

"Ingia tu, uko wazi."

Gatwiri aliangusha debe. Alikimbia mpaka kwa chumba.

Mtoto alikuwa hai. Macho yake yalikuwa wazi, na hakuwa analia. Mito ilikuwa vile aliipanga, yote, lakini mtoto hakuwa katikati yake. Alikuwa amesongezwa mpaka kwa ukuta, amelala ubavu.

Gatwiri akamnyakua. Halafu akaweka mkono kwa ile nafasi iliyobaki.

Godoro lilikuwa limebonyea, urefu wa mtu mzima. Shuka ilikuwa imelowa, baridi kama maji ya mlima. Ilinuka ugoro.